Thamani ya boksi la muziki iko kwenye spika zake

BOKSI dogo la muziki lenye ujazo wa lita tano hivi, ambalo mtu anaweza kulibeba kwapani, limekuwa likibadilisha mikono katika masoko ya London, Tokyo na Hong Kong kwa bei inayozidi mara nyingi ile liliyouzwa lilipotoka kiwandani. Jina lake ni LS3/5a. Halina nguvu ya kutikisa ukumbi, besi yake ni haba, na kwa macho halina cha kumvutia mpita njia. Kinacholipiwa ni spika mbili zilizofungwa ndani yake, ambazo kiwanda kilichokuwa kikizitengeneza kiliacha kufanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1990.

Habari hiyo inamhusu mfanyabiashara yeyote anayeweka fedha katika vyombo vya muziki vya hali ya juu, awe muuzaji wa dukani, mwenye studio, au mtu anayenunua vya zamani akitarajia kuviuza baadaye. Katika biashara hii kuna maneno yanayopandisha bei kuliko mengine yote, nayo ni "spika za kuagiza maalumu", yaani spika zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni moja tu. Mara nyingine maneno hayo yana thamani ya kweli. Mara nyingine ni kibandiko.

Kwa lugha ya madukani, boksi ni chombo kizima na spika ni lile duara lenye koni mbele na sumaku nyuma. Ndani ya sumaku kuna mwanya mwembamba, na katika mwanya huo inaning'inia koili ya waya. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili huenda mbele na nyuma na kuisukuma koni, nayo koni husukuma hewa. Wufa hushughulikia sauti nzito, twita sauti nyembamba, na krosova hugawa kazi kati yao. Mpangilio huo uliwekwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1925, na kwa msingi wake haujabadilika hadi leo. Kwa hiyo kinachotofautisha spika ya bei ndogo na ya bei kubwa si siri ya ugunduzi bali ni uzito wa koni, aina ya gundi, ukingo unaoishika koni, upana wa mwanya wa sumaku, na zaidi ya yote, uwezo wa kiwanda kutengeneza spika ya elfu moja ikiwa sawasawa na ya kwanza.

Somo la BBC

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 BBC, shirika la utangazaji la Uingereza, lilihitaji boksi dogo la kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo maboksi makubwa ya studio hayaingii. Wahandisi wake walikuwa na boksi dogo la majaribio ambalo lilionekana kufaa, wakalipa jina la LS3/5. Spika zake zilinunuliwa kutoka kampuni ya KEF ya Maidstone, katika jimbo la Kent, iliyoanzishwa mwaka 1961 na Raymond Cooke, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mhandisi wa BBC. Wufa iliitwa B110 na twita iliitwa T27.

Yalitengenezwa maboksi machache, yakapendwa. Ulipofika wakati wa kuagiza mengine ikagundulika kwamba spika zilizoletwa safari hii hazikuwa sawa na zile za mwanzo. Jina lilikuwa lile lile na umbo lile lile, lakini vipimo vilikuwa vimehama, kiasi kwamba krosova iliyobuniwa kwa zile za kwanza haikuzifaa hizi mpya. BBC ililazimika kubuni upya, na herufi ndogo "a" iliyoongezwa kwenye jina ndiyo kumbukumbu ya kazi hiyo. Ripoti ya kitaalamu kuhusu boksi hilo ilitolewa na idara ya utafiti ya BBC mwaka 1976.

Safari hii wahandisi hawakutaka kushikwa tena. Waliweka viwango vikali vya spika zitakazokubaliwa, na ndani ya krosova wakaweka koili yenye matoleo kadhaa ya waya, ili fundi aweze kupandisha au kushusha kiwango cha twita kulingana na twita aliyopewa siku hiyo. Kwa maneno mengine, gharama ya krosova ilipanda kwa sababu spika za kiwandani haziwezi kuaminika kuwa sawa daima. Mnunuzi wa LS3/5a alikuwa analipia pia hofu hiyo.

BBC ilitoa leseni kwa makampuni ya kibinafsi kulitengeneza na kuliuza boksi hilo, miongoni mwao Rogers, Chartwell, Audiomaster, Spendor na Harbeth. Kila kampuni ilikuwa na karakana yake, mbao zake na nembo yake, lakini wote walikwenda kwenye mlango mmoja wa KEF kuchukua spika. Mpango huo uliendelea kwa zaidi ya miaka ishirini. Hata mwishoni mwa miaka ya 1980, vipimo vya spika vilipohama tena, krosova ilibidi ibuniwe upya, na ukinzani wa boksi ukashuka kutoka omu 15 hadi omu 11. Wauzaji wa mkono wa pili hadi leo hutaja namba hizo mbili kama wauza magari wanavyotaja mwaka wa gari.

Kisha KEF ikafunga mlango. Mwaka 1992 kampuni hiyo ilinunuliwa na Gold Peak ya Hong Kong, na biashara ya kuwauzia wengine spika ilikuwa haina uzito tena mbele ya mabokisi yake yenyewe. B110 na T27 ziliposimamishwa, wenye leseni walitumia akiba waliyokuwa nayo, na ilipokwisha, boksi lililokuwa likiagizwa dunia nzima likafikia mwisho wake. Mbao zilikuwapo, mafundi walikuwapo, wateja walikuwapo na fedha mkononi. Spika ndizo hazikuwapo.

Yaliyofuata ni muhimu kwa mwenye kuhesabu mtaji. Kampuni ya Stirling Broadcast ya Uingereza, baada ya kumaliza spika za KEF ilizoweza kuzikusanya, iliagiza spika maalumu kutoka viwanda vya Skandinavia, wufa kwa SEAS ya Norway na twita kwa Scan-Speak ya Denmark, na krosova mpya ikatengenezwa ili kufikia sauti ile ile ya zamani. Falcon Acoustics ilichukua njia nyingine. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1972 na Malcolm Jones, mhandisi ambaye alizibuni B110 na T27 zenyewe alipokuwa KEF. Chini ya mwenye mali mwingine, Falcon ilitengeneza upya spika hizo mbili kwa kufuata zile za asili, na mwaka 2014 ikaanza kuuza LS3/5a kwa leseni ya BBC. Njia ya kwanza ilibadilisha krosova ili kuzifuata spika. Ya pili ilifufua spika ili krosova ya zamani ibaki. Zote mbili zilikuwa ghali, na zote mbili zingekuwa upuuzi kama thamani ya boksi ingekuwa kwenye mbao.

Gharama ya kalibu

Viwanda vinavyouza spika kwa makampuni mengine si vingi. Katika hali ya juu yanayotajwa zaidi ni SEAS ya mji wa Moss, iliyoanzishwa mwaka 1950, na Scan-Speak ya Videbæk, iliyoanzishwa mwaka 1970. Vyote viwili vina katalogi ambayo mtu yeyote mwenye fedha anaweza kuagiza humo, na vyote viwili hutengeneza spika za kampuni moja moja kwa mapatano.

Kununua kwenye katalogi hakuna aibu. Spika ya katalogi imekwisha kupimwa, vipimo vyake vimechapishwa, na ikiungua baada ya miaka mitano kuna nafasi nzuri ya kupata nyingine. Tatizo lake ni la kibiashara. Mshindani anaweza kununua spika hiyo hiyo kesho asubuhi, na mteja mwenye katalogi mkononi anaweza kujumlisha bei ya spika mbili na kumuuliza muuzaji zilizobaki ni za nini.

Spika maalumu huondoa swali hilo, lakini huleta hesabu nyingine. Kalibu ya fremu, kalibu ya koni, kupanga mashine, majaribio na vipimo, vyote hulipwa kabla ya spika ya kwanza kuuzwa. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba maandalizi ya wufa moja yanagharimu dola 30,000. Karakana inayouza jozi 150 inahitaji wufa 300, hivyo kila wufa inabeba dola 100 za maandalizi kabla ya kuhesabu sumaku na waya. Kampuni inayotengeneza wufa 6,000 hubebesha kila moja dola tano tu. Kwa kuwa katika biashara hii bei ya dukani huwa ni mara nne au tano ya gharama ya vifaa, au zaidi, zile dola 100 humfikia mteja zikiwa dola 400 au 500 kwa kila boksi. Jozi moja inakuwa na dola 800 hadi 1,000 ambazo hazikununua sauti yoyote iliyo bora, zimenunua upekee.

Hapo ndipo wengi hukosea wanapodhani kwamba karakana ndogo yenye spika maalumu lazima iwe na kitu bora kuliko kampuni kubwa. Inaweza kuwa nacho. Lakini sehemu ya bei yake ni uchache wa idadi tu.

Maalumu ya kweli

Upo upande mwingine wa hesabu hiyo. Tangu Neville Thiele wa Australia alipochapisha kazi yake mwaka 1961, na Richard Small akaiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wabunifu wana vipimo vichache vinavyoeleza spika itakavyofanya kazi ndani ya boksi: masafa ambayo koni hutikisika yenyewe, ulaini wa ukingo wake ukilinganishwa na ujazo wa hewa, na nguvu ya sumaku katika kuizuia isiyumbe. Kwa vipimo hivyo mbunifu hujua boksi liwe na lita ngapi. Akitumia spika ya katalogi, boksi hufuata spika. Akiagiza maalumu, anaweza kuanza na boksi analotaka, kisha akamwambia mwenye kiwanda aongeze uzito wa koni kwa gramu kadhaa, apunguze mizunguko ya koili, au abadilishe ukingo. Krosova huwa rahisi, sehemu zake hupungua, na umeme kidogo hupotea njiani. Hiyo ni thamani inayopimika, na fundi yeyote mwenye maikrofoni ya vipimo anaweza kuithibitisha.

Kati ya katalogi na maalumu kamili kuna uwanja mpana wa marekebisho. Kiwanda hukubali kuipaka koni dawa nyingine, kubadilisha koili kutoka omu nane kuwa nne, au kuchagua spika zinazolingana na kuziuza kwa jozi. Hayo ni mabadiliko halali. Lakini hukubali pia kubadilisha rangi ya bamba la mbele na kuchapa jina la mteja nyuma ya sumaku, na hapo sauti haijaguswa. Katika matangazo yote haya huitwa kwa jina moja. Muuzaji wa jumla anayeambiwa kwamba boksi lina spika maalumu ana haki ya kuuliza kilichobadilishwa ni kipi, na jibu la kweli huwa na kipimo ndani yake. Jibu linalozungumzia roho ya muziki lisilipiwe.

Kuazima spika kwa mwingine hakumzuii mtu kuuza ghali. Wilson Audio ya jimbo la Utah, Marekani, ambayo bei zake zinajulikana kwa ukali, kwa miaka mingi ilitumia twita za kampuni ya Focal ya Saint-Étienne, Ufaransa, zile zenye kuba lililobonyea ndani. Focal yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1979 na Jacques Mahul, ilianza ikiuza spika kwa wengine huku ikitengeneza maboksi yake kwa jina la JMlab. Baadaye maboksi ndiyo yaliyobeba biashara. Mwaka 2002 ilipotoa twita ya berili, madini mepesi na magumu ambayo vumbi lake ni sumu kwa mapafu na hivyo huhitaji kiwanda chenye tahadhari maalumu, twita hiyo ilikuwa kwanza ya maboksi yake yenyewe.

KEF ilikwisha pita njia hiyo mwaka 1988 ilipotoa Uni-Q, spika ambayo twita hukaa katikati ya koni ya wufa. Jambo hilo liliwezekana baada ya kupatikana sumaku za neodimiamu, ambazo ni ndogo lakini zina nguvu nyingi. Bowers & Wilkins nayo, iliyoanzishwa Worthing mwaka 1966, ilijijengea jina kwa koni za manjano za kevlar, na mwaka 2005 ikatoa twita ya almasi iliyotengenezwa viwandani. Hakuna anayeweza kununua spika hizo kwenye katalogi.

Wenye fedha wameliona hilo. Dynaudio ya Denmark, ambayo zamani iliwauzia hata watengenezaji wa nyumbani spika zake kisha ikaacha, ilinunuliwa na Goertek ya China mwaka 2014. Bowers & Wilkins ilipita mikononi mwa wamiliki kadhaa kuanzia 2016, na mwaka 2025 iliingia Harman pamoja na kampuni nzima ya Sound United. Harman yenyewe ni mali ya Samsung ya Korea Kusini tangu 2017. Bei kama hizo hazilipwi kwa ajili ya useremala.

Soko la mkono wa pili

Kwa mwekezaji mdogo hatari kubwa iko hapa. Upekee unaopandisha bei dukani ndio unaoweza kulifanya boksi liwe gogo. Twita ya katalogi ikiungua, nyingine huagizwa. Twita iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni iliyokwisha funga milango haina duka. Kuweka inayofanana kwa umbo hakusaidii sana, kwa sababu krosova ilibuniwa kwa ile ya kwanza, kama BBC ilivyogundua zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Hivyo, kabla ya kulipia boksi la zamani, swali la kwanza ni nani aliyetengeneza spika na kama bado anazo. Kampuni kubwa inayojitengenezea spika, na ambayo bado ipo, inastahili bei ya juu kuliko karakana iliyopotea, hata kama masikio yanaipenda zaidi ile ya karakana.

Kwa wakazi wa pwani kuna jambo la ziada. Spika nyingi zina ukingo wa sponji, na sponji hiyo huoza kwa unyevu na joto hata boksi likiwa limekaa kabatini. Ukiigusa kwa kidole inabaki unga. Ukingo wa mpira, kama ule wa B110, huvumilia zaidi. Ukingo unaweza kubadilishwa na fundi mwenye mkono mwepesi bila kuharibu thamani nyingi, mradi mpya uwe na ulaini ule ule. Koili iliyosukwa upya ni habari nyingine. Idadi ya mizunguko ikizidi au unene wa waya ukibadilika, spika si ile tena, japo inalia.

Kipimo cha haraka kinahitaji mita ya kawaida ya fundi wa umeme. Spika zifunguliwe kutoka kwenye maboksi, waya za krosova zitenganishwe, na ukinzani wa kila koili upimwe. Wufa ya omu nane kwa kawaida husoma chini kidogo ya namba hiyo, mara nyingi kati ya tano na nusu na saba. La kuangalia ni usawa kati ya wufa ya kushoto na ya kulia, na kati ya twita mbili. Zikipishana sana, moja imeshaguswa au imebadilishwa, na muuzaji aliyedai kwamba jozi ni ya asili ana la kueleza.

Nyuma ya sumaku kuna maandishi, nayo yasomwe kabla ya kuzungumzia bei. Katika LS3/5a za asili, B110 huwa na namba SP1003 na T27 huwa na SP1032, na wanunuzi wa Mashariki ya Mbali hulipa zaidi kwa jozi ambayo namba za maboksi yake zinafuatana, kwa kuwa hizo zilipimwa na kulinganishwa pamoja siku moja kiwandani. Jozi iliyokusanywa kutoka kwa wauzaji wawili, hata kama kila boksi ni la halali, huuzwa kwa bei ya chini.